Milepa na Lyamba lya Mfipa: Tarikhi ya Nchi ya Juu na Nchi ya Chini

Nchi ya Ufipa imekaa baina ya maziwa mawili yasiyofanana kwa umbo wala kwa tabia: upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika, na upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, ambalo kina chake ni kifupi, maji yake yana magadi, na halina mto hata mmoja uyachukuao maji hayo kuyapeleka baharini. Baina yao umeinuka uwanda mpana wa majani, wenye baridi na upepo, na vilele vya milima ya Mbizi, iliyo jirani ya mji wa Sumbawanga, hupita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hali uso wa Ziwa Rukwa uko katika kimo cha mita 800 hivi. Uwanda huo haushuki kwa taratibu kulielekea Rukwa, bali hukatika kwa genge moja refu, lenye mawe na makorongo, ambalo wenyeji wamelijua kwa jina la Lyamba lya Mfipa. Na chini ya genge hilo, katika tambarare ya joto iendayo hata ufukoni mwa ziwa, ndiko iliko Milepa, kata ya Wilaya ya Sumbawanga, pamoja na ndugu zake wa bondeni, Ilemba, Mtowisa, Zimba na Muze.

Watu walioandika habari za Ufipa, tangu wasafiri wa karne ya 19 hata wanazuoni wa zama zetu, aghalabu wameiandika wakiwa wamesimama juu. Juu ndiko kulikokuwa na mabaraza ya wafalme, juu ndiko yalikosalia magofu ya tanuri za chuma, na juu ndiko serikali zilizofuatana zilikoweka ofisi zake. Kwa hiyo bonde limezoea kutajwa mwishoni mwa kitabu, kwa maneno machache, kana kwamba ni ua wa nyuma wa nyumba ya watu wengine. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba tarikhi ya nchi hii haifahamiki kwa nusu yake moja, kwamba Lyamba halikuwa ukuta wa kuwatenga watu wa juu na watu wa chini bali lilikuwa njia ya riziki yao, na kwamba zama njia ile ilipochangamka pande zote mbili zilisitawi, na zama ilipofifia pande zote mbili zilipungukiwa.

Tuanze na bonde lenyewe, maana umri wake unazidi tarikhi ya wanadamu. Bonde la Rukwa ni tawi la Bonde la Ufa, lililotokea pale ardhi ilipopasuka na kipande kirefu cha katikati kikazama. Na katika majabali ya pembe yake ya kusini wataalamu wamechimbua mifupa ya viumbe wa kale sana, miongoni mwao kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 25 iliyopita, ambaye mwaka 2013 alipewa jina la Rukwapithecus. Ziwa lililokaa katika shimo hilo halina mahali pa kutolea maji isipokuwa juani, na kwa sababu hiyo ukubwa wake hutegemea kiasi cha maji ambacho mvua na mito, kama vile Momba, Songwe na Rungwa, imeleta mwaka ule. Mwaka 1929 ziwa hili lilikuwa na urefu wa kilomita 50 tu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1939, urefu ulikuwa umefika kilomita 128 na upana kilomita 40 hivi. Na katika nyakati nyingine limepimwa likakutwa na urefu wa kilomita 180. Mtu wa bondeni, basi, hakuzaliwa karibu na ziwa lililotulia mahali pamoja, bali amezaliwa karibu na maji yanayoondoka na kurudi, yakimwachia mwaka huu mbuga ya malisho na kuifunika mwaka ujao, na akili yake yote ya kulima, kuvua na kujenga imebidi ilingane na mwendo huo. Huko juu udongo ni mkongwe na umechoka, lakini maji ya Rukwa hayaji kuuzamisha. Huku chini udongo unaletwa mpya kila masika kutoka katika makorongo ya Lyamba, lakini hakuna awezaye kuahidi ufuko utakuwa wapi miaka kumi ijayo. Kila upande ulipewa neema ambayo mwenzake amenyimwa, na hapo ndipo ulipo mwanzo wa biashara.

Neema za chini zilikuwa chumvi, pamba na samaki. Kusini mwa bonde, mahali paitwapo Ivuna, ziko chemchemi za chumvi ambazo watu walizitumia kwa karne nyingi: wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walipochimba hapo mwaka 1966 walikuta mabaki ya vyungu na ya kazi ya kuchemsha maji ya chumvi, ya watu walioishi hapo takriban baina ya karne ya 13 na ya 15. Katika nchi ambayo bahari iko mbali kwa safari ya miezi, chumvi ilikuwa mali, na aliyeichukua juu ya mabega yake akapanda nayo mlimani alijua kwamba hatarudi mikono mitupu. Pamba nayo ilipenda joto la bondeni, na wanaume wa nchi hii walijua kuisokota na kuifuma katika kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, wakatoa nguo nzito, imara, ambazo wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walizitaja kwa mshangao, kwa kuwa walikuja wakidhani kwamba watu wa bara hawakuvaa ila ngozi na magome ya miti. Wakati ambapo merikani ya dukani ilikuwa bado haijafika, au ilifika kwa bei isiyofikika, nguo ya Rukwa iliwasitiri watu wa bonde na wa uwanda pia, na ilipata heshima ya kutolewa katika mahari na katika malipo makubwa.

Neema za juu zilikuwa ulezi na chuma. Uwanda wa Ufipa hauna misitu mingi ya kufyeka na kuchoma, hivyo wakulima wake walibuni njia yao ya kurutubisha ardhi: mvua zikielekea kwisha, majani hulimwa na kufukiwa chini ya vichuguu vya udongo vya mviringo viitwavyo intumba, yakaoza humo, kisha msimu ufuatao vichuguu hivyo huvunjwa na udongo wake wenye rutuba kutandazwa kwa ajili ya ulezi. Mtazamaji aliyezoea mashamba ya mistari huona vilima vingi vidogo vilivyotapakaa katika majani. Mwenye kuelewa huona elimu ya samadi iliyopatikana bila ng'ombe na bila kununua dukani, nayo iliwawezesha watu wengi kukaa mahali pamoja, vijiji vikawa vikubwa, na ulezi ukazidi mahitaji ya mwaka.

Chuma kinastahili kuelezwa kwa kituo, kwa maana ndicho kilicholitangaza jina la Ufipa kwa majirani. Tanuri la Wafipa, liitwalo ilungu, na yakiwa mengi malungu, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu hata likafikia kimo cha mita tatu na zaidi, likiwa na matundu kuzunguka shina lake, na katika matundu hayo iliingizwa mirija ya udongo wa kuchoma. Jambo la ajabu katika tanuri hili ni kwamba halikuvukutwa: urefu wake wenyewe uliuvuta upepo kutoka chini kwenda juu, na moto ulikula makaa na mawe ya chuma kwa siku kadhaa pasipo mtu kushika mvukuto. Kilichotoka humo kilikuwa bado ni chuma kilichochanganyika na mavi yake, na ndiyo sababu kazi ya Wafipa ilikuwa na daraja ya pili, ambayo mafundi wengi wa nchi nyingine hawakuwa nayo: kile kipande kilivunjwa, kikatiwa katika tanuri dogo liitwalo kitengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi yake, hata chuma kikasafika na kuwa tayari kwa nyundo ya mhunzi. Wanaakiolojia, miongoni mwao Mtanzania Bertram Mapunda, wameonyesha kwamba hata kabla ya malungu kulikuwako katika nchi hii mafundi wa aina nyingine, waliotumia tanuri fupi zilizopewa jina la katukutu. Ufundi wa chuma hapa, basi, haukufika kamili siku moja, bali ulibadilika na kukua kizazi kwa kizazi.

Wala kazi ile haikuwa ya mikono peke yake. Fundi mkuu wa tanuri alikuwa mwenye elimu ya dawa na ya miiko, aliyekabidhiwa siri hizo na waliomtangulia. Tanuri jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi arusi, na wafanyakazi wote walijiepusha na wake zao muda wote wa kuyeyusha, kwa itikadi kwamba mimba ya chuma hupotea kama mimba ya mwanadamu inavyopotea ikikosewa adabu. Msomaji wa leo asiifanyie dhihaka itikadi hii. Katika kazi ambayo kosa dogo la makaa au la udongo laweza kuharibu taabu ya miezi, miiko ile iliwafungamanisha watu wengi kwa nidhamu moja na ikailinda elimu isitupwe ovyo. Na matunda yake yalikuwa jembe, ambalo kwa Mfipa lilikuwa chombo cha shamba, fedha ya sokoni, na sehemu ya mahari iliyofungamanisha koo mbili.

Sasa mtu na aziweke neema hizi pamoja, aone zilivyoitana. Mlimaji wa bondeni alihitaji jembe, na mlimaji wa juu alihitaji nguo, chumvi na samaki. Kwa hiyo njia za miguu zilichimbika katika Lyamba, zikifuata migongo ya vilima na kando za vijito, na watu walipanda na kushuka wakichukua mizigo, wakipumzika kwa jamaa, wakioana na kuzaliana, hata Wafipa wa chini, Wakuulwe, Wawanda na makabila mengine ya Rukwa wakawa wanafahamiana lugha na desturi na watu wa uwandani. Mabonde mengi duniani yamekuwa mipaka ya falme. Bonde hili lilikuwa soko lake.

Mambo ya utawala nayo yana kisa chake. Hikaya za Wafipa zinasema kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, aliteremka kutoka mbinguni akaiweka enzi ya Milansi, kijiji kilicho karibu na Sumbawanga ya leo, na kwamba watawala wa Milansi walikuwa watu wa nyumba ya chuma. Kisha wakatokea wageni, wanawake wa ukoo wa Watwa, wakafika siku ambayo mwenye nchi alikuwa porini kuwinda, baada ya kumuusia mkewe asimwachie mtu yeyote kiti chake. Mke akawaachia, wakakikalia, na alipoingia mwenyewe akakuta nchi imekwisha kupata wenyewe wapya. Wazee hawakuhadithia kwamba damu ilimwagika hapo. Walihadithia kwamba palifanyika mapatano, Watwa wakachukua utawala wa nchi, na Milansi ikabaki na eneo lake dogo na heshima yake ya kale katika mambo ya mila. Ukoo wa Watwa baadaye uligawanyika, zikapatikana dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizopigana kwa muda mrefu, na mamlaka yao yaliteremka Lyamba yakawafikia watu wa bondeni.

Katika vita hivyo vya ndugu likaja tufani la mbali. Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835, walipanda kaskazini wakiteka na kuhama, wakaweka makao yao Ufipa katika miaka ya 1840. Na Zwangendaba mwenyewe alifia huku, mahali paitwapo Mapupo, takriban mwaka 1848. Kufa kwake kuliwagawanya watu wake, wengine wakaenda kaskazini kuelekea Ujiji na Unyamwezi, wengine wakarudi kusini, wengine wakafika hata Songea, na Ufipa ukabaki na majivu yake. Linalostahili kushangaza ni lililofuata. Roy Willis, mwanazuoni kutoka Uingereza aliyekaa na Wafipa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake A State in the Making mwaka 1981, alionyesha kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, zama ambazo sehemu nyingi za bara zilikuwa zikiteketea kwa biashara ya watumwa na bunduki, Wafipa waliigeukia amani: ushindani wao waliuhamishia katika kulima, kufua chuma, kufuma na kufanya biashara, na adabu ya maamkizi na upole wa maneno ikawa alama ya mtu aliyelelewa. Msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka 1880, wakati Kapufi akiitawala Nkansi, aliwakuta ni watu wa utulivu walioshughulika na mashamba yao. Mimi naiona amani ile kuwa haikutoka hewani. Watu ambao nguo zao zinatoka chini na majembe yao yanatoka juu wana sababu ya kila siku ya kuifungua njia na kuinyamazisha mikuki.

Thomson huyo ndiye aliyelipa Ziwa Rukwa jina la Leopold, jina ambalo halikudumu, kwa kuwa ziwa lilikuwa na jina lake tayari. Kabla yake walikuwako waliolifikisha jina hilo la asili kwa ulimwengu wa nje, nao walikuwa Waafrika: ni Abdullah Susi na James Chuma na wenzao, ambao mwaka 1873 waliuchukua mwili wa msafiri David Livingstone kutoka Chitambo, wakakata nchi ya Ufipa, na katika masimulizi ya safari yao yaliyochapishwa London mwaka 1874 wakaitaja milima ya Lambalamfipa, ambayo ni Lyamba letu hili, na ziwa la Likwa lililo chini yake. Watoto wa Milepa na wafundishwe kwamba wapagazi hao waliiandikisha nchi yao katika tarikhi miaka kadhaa kabla Mzungu hajaipa jina la mwanamfalme.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walipokea kituo cha Karema mwaka 1885, wakaenea kandokando ya Tanganyika, uwandani, na bondeni pia, ambako Zimba na Mkulwe zikawa misheni. Na wawili miongoni mwao walituachia maandishi ambayo hayana budi kutajwa, Padri Alois Hamberger aliyekusanya mapokeo ya Mkulwe mwanzoni mwa karne ya 20, na Askofu Adolphe Lechaptois aliyetoa mwaka 1913 kitabu juu ya watu wa pwani za Tanganyika. Wajerumani waliweka boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg, na boma hilo likatwaliwa na majeshi ya Waingereza mwezi Juni mwaka 1916. Kodi ikaingia, na kodi ilitaka fedha, na fedha ikawaondoa vijana wakaenda kuitafuta mbali. Majembe ya Ulaya yakaingia, rahisi na mengi, na nguo za viwandani pamoja nayo. Malungu yakazimika moja baada ya moja, na vitanda vya mfumi vikavunjwa kuwa kuni. Waandishi husimulia msiba wa malungu kuwa msiba wa watu wa juu, na msiba wa pamba kuwa msiba wa watu wa chini; lakini ulikuwa msiba mmoja, kwa sababu kilichokufa hasa ni mabadilishano baina yao. Njia za Lyamba zilibaki, ila sasa zilimpeleka mtu kwenye duka na kwenye ofisi ya kodi, wala si kwa mshirika wake wa biashara.

Katika zama hizo hizo bonde lilipata sifa ambayo lisingeitamani. Mbuga za Rukwa, ambazo maji huzifunika na kuziacha, ni moja ya mahali pachache barani ambako nzige wekundu huzaliana hata wakawa makundi, na baa lililoanza karibu na mwaka 1930 kutoka Rukwa na kutoka Mweru wa Ntipa lilienea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta na halikukoma mpaka mwaka 1944. Kwa ajili hiyo mwaka 1949 serikali kadhaa ziliunda shirika la pamoja la kuzuia nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, ng'ambo ya mpaka. Na Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa shirika hilo, alizichunguza mbuga za Rukwa, majani yake, maji yake na wanyama wake, kwa uangalifu mkubwa. Hivyo ikajulikana kwamba afya ya mashamba ya mataifa mengi inaanzia katika matope ya lile bonde lililosahauliwa.

Uhuru ulileta sura nyingine. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na katika miaka hiyo watu wengi walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Kwa mahindi ya uwandani Rukwa ikahesabiwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, miongoni mwa mikoa minne mikubwa iliyoilisha Tanzania. Na bonde halikukaa nyuma: mpunga ulistawi katika udongo wake, wavuvi waliongezeka, na wafugaji wa Kisukuma na wengine walikuja na ng'ombe wao wakitafuta malisho, wakawa majirani wa kudumu, ingawa ujirani huo mara nyingine umeleta ugomvi wa mkulima na mfugaji unaohitaji hekima ya wazee na uadilifu wa viongozi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba chini ya ardhi ya bonde hili imo gesi ya heliamu, na makadirio ya wakati huo yalitaja futi za ujazo bilioni 54. Kwa mara nyingine tena ulimwengu umegundua kwamba huku chini kuna kitu unachokihitaji.

Ndiyo maana tarikhi ya Milepa si habari ya pembeni. Mchele unaopanda leo kwa malori katika barabara za Lyamba kwenda Sumbawanga, na bidhaa zinazoteremka katika malori hayo hayo, ni mabadilishano yale yale ya chumvi na jembe, na walio katika njia hiyo wana haki ya kujua kwamba wanaendeleza kazi ya mababu zao, wala hawakuanza jana. Kwa hiyo linafaa jambo moja, nalo li katika uwezo wetu. Walimu wa shule za bondeni na za uwandani wawatume wanafunzi wao kwa wazee wachache waliobaki, waandike majina ya wafumi na ya mafundi wa malungu, njia zipi zilipandwa na kushukwa, na nani alioa kwa nani. Magofu ya tanuri yahifadhiwe kwa amri ya vijiji vyenyewe, yasivunjwe kwa matofali. Na somo la Ufipa lifundishwe kwa pande zake mbili kwa kipimo kimoja. Taifa lililojua kujitegemea kwa kutegemeana lina mengi ya kujifunza katika nchi hii, ambayo watu wake, muda mrefu kabla ya serikali yoyote kuwaagiza, walifahamu kwamba riziki ya mtu iko mikononi mwa jirani aliye juu yake na jirani aliye chini yake.